Siku Kumi na Mbili Nikifuata Nasaba ya Mbweha

Siku ya 1

Tumeingia uwandani saa kumi jioni, jua likiwa bado kali. Nyasi ni fupi, ardhi ngumu, na kila baada ya hatua chache kuna vitundu vya mchwa wale wanaokata nyasi na kuziingiza chini. Mzee anayetuongoza ametangulia, fimbo mgongoni, macho hayatoki ardhini. Kwake yeye kila mnyama wa jamii ya mbwa mwenye pua nyembamba na mkia wa manyoya mengi ni bweha. Mwenye mgongo mweusi ni bweha, mwenye miraba ubavuni ni bweha, na huyu mdogo wa masikio makubwa tuliyemfuata naye ni bweha, "ila huyu ni wa mchwa, hana ugomvi na mtu."

Mimi vitabuni nilifundishwa kutenganisha. Bweha ni wale wakubwa kidogo, walio karibu na mbwa. Mbweha ni hawa wadogo wa masikio na pua ya sindano. Kwenye vinywa vya watu mpaka huo haupo. Ni herufi m tu, na wengi huitamka au kuiacha kama ulimi unavyowaongoza.

Kwa sababu ya mpaka huo nimefunga safari. Nataka kujua ndugu za mnyama huyu ni akina nani, si kwa sura wala kwa jina, bali kwa kile alichorithi. Neno letu vinasaba limezaliwa na nasaba, na nasaba ndiyo ninayoitafuta.

Jua lilipozama tukawaona wawili, kama mita themanini kutoka tulipolala kifudifudi. Mbweha masikio ana masikio yanayoweza kufika sentimita 13, na hayatumii kwa kujihadhari tu. Anatembea taratibu, ameinamisha kichwa, masikio yameelekezwa chini kama bakuli mbili zilizofunikwa ardhini. Anasimama. Anasikiliza. Kisha anachimba kwa kasi na kumtoa funza wa mbawakawa aliyekuwa udongoni. Nimekuwa nikisoma habari zake kwa miaka mingi na bado nilishika pumzi.

Siku ya 2

Tumeamka kabla ya mapambazuko, kwa kuwa jua ni adui wa kazi hii. Miale yake hukatakata DNA, ile inayobeba vinasaba, na kinyesi kilichoshinda juani hakina mengi ya kusimulia. Tunakitaka cha usiku uleule, ambacho bado kinang'aa kwa ute. Ute huo ndio hazina yenyewe: chakula kinapopita utumboni hukwangua seli za ukuta wake, na seli hizo hubaki juu ya kinyesi. Ndani kumejaa mchwa. Nje yuko mbweha mwenyewe.

Ipo njia nyingine, ya kumtega mnyama, kumlaza kwa dawa na kumtoa damu. Damu ina DNA nyingi zaidi na iliyo safi. Lakini mbweha hawa wana vitoto shimoni msimu huu, na kwao baba ndiye anayebaki kuvilinda mama anapokwenda kula. Kumfungia mtegoni baba kama huyo usiku kucha kwa ajili ya matone mawili ya damu sikukubali, wala sitakubali.

Karibu na shimo la tatu nilikuta rundo kubwa lenye vichwa vya mchwa vinavyometa. Nikapiga magoti, kifuko tayari. Mzee akanigusa bega.

"Acha, mwanangu. Hilo la fisi mdogo."

"Umejuaje, Mzee?"

"Tazama udongo."

Udongo ulikuwa umekwanguliwa na kulifunika rundo nusu, na rundo lenyewe lilikuwa kubwa kuliko mwili wa mbweha unavyoweza kutoa. Fisi mdogo naye huishi kwa mchwa, ana miguu myembamba, na usiku kwa mbali unaweza kumdhania wa jamii ya mbwa. Lakini ni fisi, na fisi kwenye ukoo wa wanyama walao nyama wako upande wa paka, ng'ambo kabisa. Chakula kimoja kinaweza kuwafananisha wasiohusiana hadi kwenye kinyesi. Mbweha masikio mwenyewe ni ushahidi wa jinsi chakula kinavyofinyanga mwili: meno yake ni kati ya 46 na 50, wakati wengi wa jamii ya mbwa wana 42. Kwa sababu ya meno hayo kuna wataalamu wa zamani waliomtenga peke yake, mbali na ukoo mzima.

Hadi saa tatu asubuhi tulikuwa na vifuko kumi na saba vya karatasi, kila kimoja na chembe za kufyonza unyevu, namba, saa na mahali kilipookotwa. Glavu tulibadilisha kila mara. Mzee aliuliza kwa nini tunatupa glavu nzima kabisa. Nilipomweleza kwamba vumbi la sampuli moja likiingia kwenye nyingine tutasoma mnyama asiyekuwepo, hakuuliza tena, na kuanzia hapo yeye ndiye aliyekuwa akinikumbusha.

Siku ya 3

Mvua usiku kucha. Asubuhi kila kilichokuwa juu ya ardhi kimekuwa uji. Hatukupata hata kimoja.

Siku ya 4

Saa tisa nzima barabarani, kisanduku cha sampuli mapajani. Sikukiweka nyuma na mizigo.

Njia nzima nilikuwa nikiwawaza mbweha wawili ambao DNA iliwabadilishia historia. Wa kwanza ni wa Chiloé, kisiwa cha kusini mwa Chile. Desemba 1834 Charles Darwin alimkuta huko amekaa juu ya miamba, amezama kuwatazama maofisa wa meli wakipima nchi, hata hakumsikia mtu akimjia nyuma. Darwin akampiga kichwani kwa nyundo yake ya mawe. Ngozi ikaenda London. Kwa zaidi ya miaka mia moja na hamsini wengi walimwona kuwa aina ya kisiwani tu ya mbweha wa kijivu wa bara, aliyetengwa na maji. Mwaka 1996 watafiti wakasoma DNA ya mitokondria yake, vinu vidogo vya nguvu ndani ya seli, na kukuta tawi linalojitegemea, spishi yenye historia yake. Tena kundi dogo la mbweha haohao linaishi bara, kwenye misitu ya Nahuelbuta, mamia ya kilomita kaskazini ya kisiwa. Kwa hiyo hakuzaliwa na kisiwa. Kisiwa ni moja ya sehemu chache alizobakiwa nazo. Leo anaitwa Lycalopex fulvipes, na waliopo ni wachache.

Wa pili yuko kwenye nyanda za juu za Ethiopia: mwekundu, miguu mirefu, anawinda fuko kwenye baridi ya milimani. Wageni walimwita mbweha wa Simien, wengine wakamwita bweha wa Simien. Mwaka 1994 mitokondria yake ilisomwa, ikaonekana yu karibu na mbwa mwitu wa kijivu na koyote kuliko mbweha yeyote. Sasa anaitwa mbwa mwitu wa Ethiopia, na waliokomaa hawafiki 500. Watu hutetea kile wanachokijua kwa jina, na mnyama adimu aliyebeba jina la mwingine huhesabiwa kuwa yupo tele.

Tumefika usiku. Vifuko vimeingia kwenye friza ya nyuzi 20 chini ya sifuri.

Siku ya 5

Maabara ina vyumba viwili, na sheria ya kwanza ni kwamba aliyeingia chumba cha pili harudi cha kwanza siku hiyo. Cha kwanza ni cha kutoa DNA kwenye sampuli. Cha pili ni cha kuizidisha, na hewa yake imejaa nakala.

Dada anayeendesha maabara amenionyesha namna ya kukwangua tabaka la juu tu la kinyesi, nyembamba kama ganda la kitunguu. Ukichimba ndani unabeba mchwa, bakteria na chumvi zinazozuia kazi ya baadaye. Unga huo unaingia kwenye kichupa chenye maji ya kuvunja seli na kimeng'enya kinachoyeyusha protini, kisha unalala nyuzi 56 hadi asubuhi.

Pembeni ya vichupa vyangu kumi na saba ameweka cha kumi na nane, kitupu. Kitapita kila hatua wanayopita wenzake bila kutiwa kitu.

"Hiki ndicho mwalimu wako, kaka," aliniambia. "Kikinyamaza, waamini wengine."

Siku ya 6

Asubuhi tumepitisha mchanganyiko kwenye chujio la silika. DNA hung'ang'ania silika penye chumvi nyingi, uchafu ukaoshwa kwa pombe, na mwisho maji safi yakaichukua. Kilichobaki ni maji yasiyo na rangi, chini ya tone kubwa la mvua. Humo kuna, kama Mungu amejalia, maandishi ya mnyama mzima.

Tumechagua kusoma mitokondria kwanza, na sababu zinafaa kuelezwa. Ndani ya kila seli kuna kiini chenye nakala mbili za kila jeni, moja ya baba na moja ya mama. Mitokondria, vile vinu vidogo vya nguvu, viko nje ya kiini na vina DNA yao wenyewe, nakala mamia hadi maelfu katika seli moja. Kwenye kinyesi kilicholiwa na jua na umande, wingi huo ndio unaotuokoa. DNA huandikwa kwa herufi nne, A, C, G na T, na kwa mbweha hiyo ya mitokondria ina herufi zinazokaribia 16,700. Mtoto huirithi kwa mama peke yake, kwa hiyo haichanganyiki na ya baba, na hubadilika haraka kuliko DNA ya kiini. Kwa spishi zilizoachana miaka milioni chache iliyopita ni saa nzuri. Jeni tuliyoitaka inaitwa saitokromu b, herufi 1,140, na karibu kila mtafiti wa wanyama hawa ameisoma, hivyo ya kulinganisha nayo haikosekani.

Mashine ya PCR, ya kuzidisha DNA, hupasha nyuzi 95 ili nyuzinyuzi mbili za DNA ziachane, hushuka hadi kama 55 ili vipande vya kuanzia vinase mahali pake, hupanda hadi 72 ili kimeng'enya kijenge nakala. Mizunguko 35. Kinadharia nakala moja huzaa zaidi ya bilioni 34.

Saa kumi na moja jioni tulimimina matokeo kwenye jeli, tukawasha umeme, tukapiga picha. Mistari ikang'aa, mmoja baada ya mwingine. Na kwenye njia ya kumi na nane, ya kile kichupa kitupu, mstari ukang'aa pia.

Dada wa maabara hakusema neno. Alikusanya sahani yote akaitupa. Mistari kumi na sita mizuri ilikwenda na ule mmoja. Niliumia, lakini ningeumia zaidi kuandika ukoo wa mnyama nisiyemjua alikoingilia.

Siku ya 7

Tumebadilisha maji, vimiminika vyote na ncha zote za pipeti, tukarudia tangu mwanzo. Kichupa kitupu kimenyamaza. Kati ya kumi na saba, kumi na moja zimetoa mstari, na ninaamini kila mmoja. Zimepelekwa kusomwa.

Siku ya 8

Wakati herufi zinasomwa kwingine, nimeomba ruhusa kuona droo za ngozi kwenye makumbusho. Harufu ya dawa za kuhifadhia ni kali, macho yakachomeka.

Fenek analala kwenye kiganja na nusu: mbweha mdogo kuliko wote, rangi ya mchanga, nyayo zenye manyoya ili asiungue jangwani. Kando yake wamemweka mbweha wa Aktiki wa msimu wa baridi, mweupe kabisa, masikio mafupi yasipoteze joto, nyayo nazo zina manyoya, safari hii kwa sababu ya barafu. Ukiwatazama hivi utaapa kwamba kila mmoja anastahili jenasi yake. Na ndivyo ilivyokuwa: fenek aliwekwa peke yake kama Fennecus, wa Aktiki peke yake kama Alopex. Leo wote wamerudishwa kwenye Vulpes, pamoja na mbweha mwekundu, na DNA ndiyo iliyofunga mjadala. Manyoya, ukubwa na masikio ni mambo ambayo mazingira huyageuza upesi. Ndugu wawili wakitenganishwa, mmoja jangwani mmoja kwenye theluji, watabadilika sura kabla hawajabadilika damu sana.

Mtunza droo alinionyesha tundu dogo kwenye unyayo wa ngozi moja ya zamani. Mtafiti alikata hapo kipande kisichofika ukubwa wa punje ya mchele. DNA ya ngozi ya miaka mia imevunjika vipande vya herufi mia hivi au pungufu, na kwenye ncha za vipande C nyingi zimegeuka kusomeka T. Mtu akijua hilo, uharibifu wenyewe unakuwa muhuri wa ukale: kipande kisicho na jeraha huenda ni cha mtu aliyeshika ngozi jana.

Kwa njia hiyo waliweza kumuuliza mnyama asiyekuwepo tena. Visiwa vya Falkland vilikuwa na mnyama mmoja tu wa nchi kavu wa kunyonyesha, wa jamii ya mbwa, ambaye baadhi ya watu walimwita mbwa mwitu huku wengine wakimwita mbweha. Hakuwaogopa wanadamu. Waliomkuta waliweza kumshikia nyama kwa mkono mmoja na kisu kwa mwingine. Darwin alipofika miaka ya 1833 na 1834 aliandika kwamba atatoweka, na kufikia 1876 alikuwa ameisha. Swali likabaki: alifikaje kisiwani, kilomita mamia kutoka bara, peke yake? Mwaka 2009 DNA ya ngozi za makumbusho ilionyesha kwamba katika walio hai ndugu yake wa karibu ni yule mnyama wa miguu mirefu wa nyika za Amerika Kusini aitwaye aguara guazú, na kwamba waliachana miaka milioni kadhaa iliyopita. Mwaka 2013 ikaongezwa DNA ya mifupa ya jamaa yake wa bara, Dusicyon avus, naye aliyetoweka. Hao wawili waliachana kama miaka 16,000 tu iliyopita, enzi za barafu, bahari iliposhuka na mlango-bahari ukawa mwembamba, na watafiti wakakisia kwamba uliganda. Huenda alitembea juu ya barafu. Nilisimama mbele ya droo nikimfikiria, na nasikitika kwamba tulimjua ukoo wake miaka mia na zaidi baada ya kummaliza.

Siku ya 9

Herufi zimefika. Kila sampuli ni mlolongo wa vilele vya rangi nne, A, C, G na T, kama safu ya vilima. Nimezipitia kwa macho moja moja ingawa kompyuta ingeweza kunisomea, maana ndiko matatizo yanakojificha.

Namba 14 ni mbwa wa kufugwa. Namba 3 ni bweha mgongo mweusi. Hata Mzee alikuwa ameisitasitia ile. Namba 6 ilinisumbua hadi mchana. Vilele viwili vilisimama mahali pamoja tena na tena, na nilipotafsiri herufi kuwa protini nikakuta amri ya kusimama katikati ya jeni. Saitokromu b iliyokatwa hivyo haiwezi kumfanyia kazi mnyama aliye hai. Tulichonasa ni nakala ya zamani ya mitokondria iliyohamia kwenye kiini cha seli vizazi visivyohesabika nyuma, ikakaa humo bila kazi ikikusanya makosa. Ukiiingiza kwenye mti wa nasaba itakuonyesha tawi la uongo lenye sura ya ukweli. Nimeiondoa.

Zimebaki nane. Zote ni mbweha masikio, na zinafanana karibu kabisa.

Siku ya 10

Leo ndiyo siku niliyoisafiria. Kwenye hazina ya umma ya GenBank nimechukua saitokromu b za spishi zote 12 za Vulpes zilizopo, za mbwa mwitu, bweha, mbweha wa Amerika, mbwa rakuni wa Asia, na dubu mmoja wa kuwa mgeni. Mti wa nasaba unahitaji mgeni, mtu wa nje ya ukoo ambaye hakuna anayebishana naye, ili ujulikane mzizi uko wapi.

Kwanza unazipanga herufi safu kwa safu, kila mahali pakae mkabala na penzake. Halafu unatazama nani anashiriki badiliko na nani. Mabadiliko hayana uzito mmoja. Herufi ya tatu ya kila neno la jeni, neno lenye herufi tatu, hubadilika kwa urahisi kwa kuwa mara nyingi haiigusi protini. Ya pili ikibadilika ni jambo kubwa. A na G hubadilishana mara nyingi kuliko A na T. Kompyuta inapewa hesabu hizo, inajaribu miti mingi mno, na inashika ule ambao unaeleza herufi hizi kwa uwezekano mkubwa zaidi. Kisha inaokota nguzo za herufi kwa bahati nasibu na kuujenga mti upya, mara elfu moja, ili tuone tawi gani linarudi kila mara na lipi linayumba.

Saa mbili usiku mti ukatokea kwenye skrini.

Fenek ameketi ubavuni pa mbweha wa Blanford, yule wa majabali ya Uarabuni na Iran. Wa Aktiki, huyo mweupe wa theluji, amekaa na mbweha wawili wadogo wa nyika na majangwa ya Amerika Kaskazini, Vulpes velox na Vulpes macrotis. Nilijua kwamba itakuwa hivyo, wengi wameliona kabla yangu, na bado kuliona likijengeka kwa herufi zilizopita mikononi mwako ni kitu kingine. Mbweha wa Rüppell wa Sahara hakukaa kando ya mbweha mwekundu. Mitokondria yake imeingia ndani ya kundi la wekundu, kana kwamba ni mmoja wao aliyeota masikio makubwa.

Wale "mbweha" wa Amerika Kusini, pamoja na wa Chiloé, wamekwenda upande wa pili kabisa wa mti, pamoja na mbwa mwitu. Kihispania kinawaita zorro, mbweha, na mtu akiwaona hawezi kulaumu jina hilo. Lakini ni watu wa ukoo wa mbwa waliovaa mwili wa mbweha.

Naye mbweha wa kijivu wa Amerika Kaskazini, Urocyon, anayepanda miti kama paka, ametoka kwenye shina chini ya karibu kila mtu, mbali na Vulpes na mbali na mbwa. Ni tawi la kale kuliko yote yaliyo hai kwenye ukoo huu.

Mbweha masikio wetu? Nane zangu zimeshikana kama ngumi moja, na tawi lao ni refu, halina jirani. Liko upande wa mbweha, si wa bweha. Hilo limerudi. Ila mahali hasa linapojishikiza, chini ya Vulpes wote au kando ya mbwa rakuni, linayumba kila mti unapojengwa upya.

Siku ya 11

Sikulala vizuri kwa ajili ya tawi hilo linaloyumba, na mchana kutwa nimelifanyia kazi.

Jeni moja ni shahidi mmoja. Mitokondria inasimulia habari za mama tu, mama wa mama, na kuendelea. Mama mmoja wa spishi nyingine akizaa na dume wa spishi hii zamani, mitokondria yake inaweza kuenea kundi zima huku miili ikibaki ya baba. Na matawi yanapotokea haraka moja baada ya jingine, aina tofauti za jeni moja hugawanywa kwa watoto bila mpangilio, kila jeni ikabaki na mti wake. Mwaka 1997 mtafiti Robert Wayne na wenzake walilinganisha herufi 2,001 za mitokondria za jamii ya mbwa. Mwaka 2005, jenomu ya mbwa, yaani DNA yake yote, ilipochapishwa na kundi la Kerstin Lindblad-Toh, walitumia herufi kama elfu 15 za kwenye kiini, na makundi makuu yakasimama: wa mbwa mwitu, wa Amerika Kusini, wa mbweha mwekundu, na Urocyon peke yake. Jenomu nzima ya mbweha mwekundu ilifuata mwaka 2018.

Kromosomu nazo zina ushahidi wake. Mbwa ana 78. Mbweha masikio ana 72, fenek 64, na mbweha mwekundu amebaki na 34 pamoja na vipande vidogo vya ziada visivyo na idadi maalumu. Hakupoteza jeni, kromosomu ziliungana. Mbweha mwekundu ndiye kila mtu anamchukulia kuwa mfano wa mbweha, kumbe ndani yake ndiye aliyebadilishwa sana.

Kuna saa pia. Uwe na kisukuku chenye umri unaojulikana, uweze kusema tawi hili halikuanza baadaye ya hapo. Jangwa la Djurab, Chad, limetoa taya na meno ya mbweha wa miaka kama milioni 7, Vulpes riffautae, aliyetangazwa 2007. Basi kufikia wakati huo mbweha alikwisha kuwa Afrika.

Jioni nilisoma tena habari za mbweha wa visiwa vya Channel, California, wazao wa Urocyon. Wapo kwenye visiwa sita. Miaka ya 1990 mwishoni tai wa dhahabu waliwamaliza hadi San Miguel wakabaki kumi na watano. Walizalishwa vizimbani, tai wakahamishwa, na mwaka 2016 aina tatu zikatolewa kwenye orodha ya walio hatarini. Mwaka huohuo jenomu za wale wa kisiwa cha San Nicolas zilionyesha karibu hakuna tofauti kati ya nakala ya baba na ya mama: kurasa ndefu za herufi zilezile. Wanaishi, wanazaa. Uwezekano wa kuingia ugonjwa mmoja mgeni ndio unaonitia hofu.

Tawi langu bado linayumba. Nimeliandika hivyo, kwa mstari wa nukta.

Siku ya 12

Nimempigia Mzee simu, maana nilimwahidi.

"Eh, bweha wangu ndugu yake nani?"

"Wa karibu hana, Mzee. Yuko peke yake kwenye tawi refu. Wenzake wa upande huo ni mbweha wa jangwani na wa theluji. Yule wa mgongo mweusi si wake, yeye ni wa upande wa mbwa."

Akanyamaza kidogo. "Na yule wa rangi ya nyasi kavu, anayefuata swala wakizaa?"

Nikamweleza kwamba huyo alihesabiwa kuwa bweha wa dhahabu, mmoja na wale wa Asia, hadi mwaka 2015 jenomu zilipoonyesha kwamba wa Afrika ana ukoo wake, karibu zaidi na mbwa mwitu wa kijivu na koyote. Sasa anaitwa Canis lupaster.

"Hata mlio wake si mmoja na wa hawa wengine," akasema. "Huyo nilikuwa namjua ni mgeni kati yao." Kisha akashusha sauti kama vile wanyama wanamsikia. "Walihama juzi. Vitoto vinne, wakavibeba hadi shimo la upande wa machweo. Alfajiri ya leo nimepata vinyesi viwili, vibichi. Sikuvigusa kwa mkono. Nimevitia kwenye karatasi na saa nimeandika."

"Saa ngapi, Mzee?"

"Kumi na moja na robo."

Nimefungua daftari na kuandika: namba 18, namba 19.